Uzi: Kwa tuliosoma barua za wazazi wetu tukiwa watoto, na leo tunalea watoto wenye simu

Mwana wa Soni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimeuandika kwa siku tatu, nafuta na kuanza upya, kwa hiyo ni mrefu. Mwenye nafasi asome, mwenye la kuongeza aongeze.

Mimi ni wa mwaka 1984, mtoto wa Lushoto, kijiji cha juu ya Soni. Baba alikuwa anafanya kazi bandarini Dar es Salaam. Mama alibaki nyumbani na sisi watoto wanne, migomba, kahawa kidogo na mbuzi. Mama hakusoma. Zile enzi za kisomo cha watu wazima alihudhuria miezi kadhaa, akashika kuandika jina lake, kisha akajifungua dada yetu Halima na hakurudi tena darasani. Barua za baba zikawa zinasomwa na Halima, na Halima alipoolewa Tanga mwaka 1994, kazi ikaniangukia mimi. Nilikuwa darasa la tatu.

Kwa wadogo zetu mliozaliwa juzi, niwaeleze ilivyokuwa. Kijijini hakuna aliyekuwa na sanduku lake la posta. Barua zilikuja kwa S.L.P. ya shule. Mwalimu mkuu akienda Lushoto mjini kuchukua mishahara, anarudi na barua za kijiji kizima kwenye mkoba. Kwa hiyo barua iliyoandikwa Dar tarehe 5 inaweza kukufikia mwezi unaofuata, na wewe unaisoma kama ya jana. Hela zilikuja kwa mani oda, au kwa kondakta wa basi anayeaminika, ndani ya bahasha iliyobandikwa gundi pande zote.

Na barua zilikuwa na adabu yake. "Kwako Mama Halima, salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Madhumuni ya barua hii ni kutaka kukujulia hali. Mimi huku nilipo ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe pamoja na watoto." Hapo hajasema lolote bado, na karatasi imeshakwisha robo. Mama hakuniruhusu niruke. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, anaitikia kila salamu kana kwamba baba yuko mlangoni. Nikifika "wasalimie majirani wote" anataja mwenyewe kwa sauti ni nani na nani atakaowapelekea salamu kesho yake.

Kisha kujibu. Mama anasema, mimi naandika. Yeye anaongea kwa Kisambaa, mimi nageuza Kiswahili papo hapo kwa akili ya mtoto wa miaka kumi. Mengine niliyafupisha kwa sababu mkono umechoka. Mengine sikujua Kiswahili chake. Leo nikiwa mtu mzima najiuliza baba alipata nusu ngapi ya yale aliyoambiwa.

Sasa nieleze barua ya mwaka 1996, maana ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu.

Ilifika mwezi wa nane. Nikaanza kusoma kama kawaida, salamu, hofu na mashaka, ada ya shule, bati za nyumba. Katikati ya ukurasa wa pili baba ameandika kwamba daktari amemweleza figo zake zote mbili haziko sawa, na kwamba amemshauri asiifiche familia. Niliusoma ule mstari kimoyomoyo. Halafu nikauruka, nikaendelea na habari za bati.

Mama akasema, "Rudi."

Nikamwambia nimesoma yote.

Akasema, "Macho yako yamesoma, mdomo haukusoma. Rudi pale."

Nikarudi. Nilisoma ule mstari kwa sauti nikiwa na miaka 12, na nilikuwa wa pili kujua, baada ya baba mwenyewe. Mama hakulia. Aliichukua barua, akaikunja, akaiweka kwenye mkebe wa biskuti alikozitunza zote, akaniambia wadogo zangu wasijue. Nikakaa na jambo hilo mpaka baba aliporudi nyumbani na begi lake, na mpaka alipofariki Mei 1998.

Miaka mitano baadaye shemeji akaniletea Nokia. Mtandao haukuwepo nyumbani. Ulipatikana juu ya jiwe moja kule ukingoni, ukitazama chini unaona Mombo na reli. Tulikuwa tunapanda pale jioni, watu sita au saba, kila mmoja ameinua mkono. Ujumbe wa kwanza wa Halima nikauteremsha mpaka nyumbani kumsomea mama: "Mama tumefika salama mtoto anaendelea vizuri."

Mama akasubiri. Akasema, "Endelea."

Nikamwambia umeisha.

"Hajaniamkia?"

Nikamweleza kuwa herufi zina kikomo, ni 160 tu, na zinalipiwa. Hakuelewa kwa nini salamu ndiyo iondolewe kwanza. Kuanzia siku hiyo nikawa naanza kila ujumbe kwa "Shikamoo mama, hatujambo", kutoka kinywani mwangu, kabla sijasoma kilichoandikwa. Mpaka leo Halima hajui.

Niruke mbele. Mwaka 2018 tulimnunulia mama simu ya kisasa. Kijana wa jirani alimfundisha kitu kimoja tu, kubonyeza pale penye kipaza sauti na kuongea. Wakuu, mama yangu ambaye hajawahi kuandika sentensi maishani, sasa hivi ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, kwa Kisambaa chake kilekile, na mbuzi wanasikika nyuma. Nasikiliza kwenye daladala nikitoka Mbagala, spika masikioni, namjibu kwa sauti. Tunaelewana kuliko alivyowahi kuelewana na baba.

Kisha mwezi wa sita mwaka huu binti yangu mwenye miaka 14 alikwenda likizo kwa bibi yake. Siku ya tatu akanipigia. "Baba, bibi anakunywa dawa za presha. Anaumwa tangu lini?"

Miaka sita. Bibi yake anaumwa miaka sita na mjukuu hajui, na wanapendana sana. Siyo kwamba tulimficha. Habari zilipita tu juu ya kichwa chake, kutoka mdomoni kwa bibi hadi sikioni kwangu, na hapakuwa na haja ya kumwita mtoto aje asome.

Mimi mambo ya nyumbani niliyajua yote. Nilijua deni la dukani, nilijua shamba lililogombewa, nilijua baba anakufa. Sijui kama ilikuwa sawa mtoto kujua vile. Lakini najua kwamba nilikuwemo. Binti yangu ana simu yenye uwezo kuliko ofisi nzima ya posta ya wakati ule, na hayumo.

Wenzangu wa miaka ile mliokuwa makarani wa nyumbani, kwenu ikoje?

Mtunza Ghala

Mkuu umenigusa. Mimi wa 1979, Songea vijijini. Kwetu zamu yangu ilikuwa redio.

Mzee alikuwa na redio moja ya National, mawe manne. Mawe yakiishiwa nguvu tunayaanika juani juu ya bati, yanarudi kidogo, siku mbili tatu za kuokoteza sauti. Kwa hiyo redio haikuwashwa ovyo. Iliwashwa kwa taarifa ya habari na kwa matangazo ya vifo ya RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, na wakubwa wakiwa shambani mimi ndiye niliyebaki kusikiliza. Wengi wenu mnakumbuka ule mtiririko: bwana fulani wa S.L.P. fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea mahali fulani, mazishi yatafanyika siku fulani, habari ziwafikie fulani wa Tunduru, fulani wa Mbinga, fulani wa Peramiho.

Siku moja likatajwa jina la mzee wangu kwenye "habari ziwafikie". Kaka yake amefariki Dar. Nilikuwa na miaka 11. Nilikimbia kama nusu saa kwenda shambani, na njia nzima nakariri siku ya mazishi nisije nikaikosea, maana tangazo halirudiwi ukiomba. Nilipofika nikashindwa kuanza. Mzee aliponiona napumua vile mchana wa jua kali akaweka jembe chini, akauliza "Nani?"

Ulivyosema "nilikuwemo", nimekuelewa vizuri kabisa.

Binti Nyasa

Shikamooni kaka zangu. Mimi ni wa 2004, na nina maoni tofauti kidogo, mnivumilie.

Mnaongea kana kwamba kazi hiyo iliisha na ninyi. Mimi nimelelewa na bibi, Mbamba Bay. Ulipokuja usajili wa laini kwa alama za vidole, nilikuwa na miaka 15 na ndiye niliyempeleka. Mashine ilikataa vidole vyake. Miaka 60 ya jembe na kumenya mihogo, ngozi imelainika kama karatasi, hakuna mistari. Wakala akawa anamwambia kwa sauti ya juu "bonyeza vizuri bibi", na bibi anabonyeza mpaka kucha inageuka nyeupe. Tulirudi siku tatu. Nilimpaka mafuta, nikamfuta kwa kanga, tukajaribu kidole kimoja kimoja, na dole gumba la kushoto ndilo lililokubali. Mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, bila hivyo tungechelewa. Siku ile wazee waliokuja peke yao walirudi nyumbani na laini zitakazozimwa.

Na zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani"? Bibi ni mtu mwaminifu. Akiambiwa kuna hela ya mtu, anaamini anadaiwa. Mara mbili amenipigia, "Mjukuu wangu, kuna mtu anadai hela yake na mimi simkumbuki." Mara ya pili alikuwa ameshafika kwa wakala na shilingi 70,000 za karanga.

Ninyi mliwasomea wazazi maneno ya watu waliowapenda. Sisi tunawasomea maneno ya watu wanaotaka kuwaibia. Ni kazi ileile, ila ya kwetu inatisha zaidi, na hakuna anayeikumbuka kwa uzuri.

Mwana wa Soni (mleta uzi)

Marahaba Binti Nyasa. Maneno yako nimeyasoma mara mbili na nimeyapokea. Hilo la vidole sikulifikiria kabisa. Mama yangu alisajiliwa na mdogo wangu aliyeko nyumbani, na sikuwahi kuuliza ilichukua siku ngapi. Kesho nitamuuliza.

Nyota ya Kwale

Hamjambo ndugu. Nawasoma kutoka upande wa pili wa mpaka.

Kwetu mtoto karani alihamia kwenye M-Pesa. Ilipoanza Kenya Machi 2007 nilikuwa kidato cha pili, na mjomba wangu Nairobi akaacha mara moja kutuma pesa na dereva wa matatu. Nyanya hakujua tarakimu vizuri, kwa hiyo namba ya siri niliichagua mimi na nikaikariri mimi. Nyanya alikuwa haijui! Kila pesa iliyoingia nilikuwa wa kwanza kujua ni ngapi, na kila iliyotoka nilijua imeenda kwa nani.

Nilijua kwa mfano kwamba nyanya anamtumia binti yake mmoja ambaye babu alishamkataza kukanyaga pale nyumbani. Kila mwezi, shilingi mia tatu, mia nne. Babu alikuwa ameketi hatua kumi kutoka tulipo, nami nabonyeza. Babu amefariki bila kujua. Shangazi alikuja kwenye mazishi na akanikumbatia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote, na watu walishangaa kwa nini.

Ila niseme na upande mwingine. Mlangoni pa pili kwetu, mjukuu aliyekuwa na namba ya siri ya bibi yake alimmaliza akiba yote. Yule bibi hakumshitaki. Alisema ni yeye aliyempa ufunguo.

Bahari Tulivu

Assalaam alaykum. Niko Muscat, nimezaliwa hapa 1981, wazee wangu ni wa Unguja.

Mleta uzi, nikusahihishe kwa heshima kwenye jambo moja. Unasema sauti ndiyo iliyomtoa mtoto. Kwetu sisi sauti ilikuwepo tangu zamani na mtoto alikuwemo ndani yake.

Bibi yangu wa Ng'ambo hakuwa mtu wa kuandika. Alikuwa akirikodi kaseti. Akisikia kuna mtu anasafiri kuja Oman, anamkimbilia na kanda ya dakika 60, imefungwa kwenye kitambaa. Upande wa kwanza anasema yeye peke yake: khabari za nyumba, nani kaolewa, nani kafariki, mnazi upi umeanguka. Upande wa pili anampa kila aliyepita ukumbini aseme neno. Nyuma unasikia adhana, unasikia muuza samaki, unasikia mvua. Mimi nilijua sauti ya mtaa ule miaka kumi kabla ya kuutia mguu.

Ikifika kanda, baba anaweka redio kaseti katikati ya chumba, sote tunakaa chini. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza. Baba akinyanyua kidole nasimamisha, akikishusha naendelea. Kulikuwa na mahali bibi ananyamaza, kanda inavuma tu, kisha anasema "Haya." Hapo baba alikuwa akinyanyuka kwenda jikoni, na mama anatuashiria tusimfuate. Kanda ikijikunja naitoa na kuirudisha kwa penseli, taratibu, maana ikikatika ndiyo bibi amekatika.

Kwa hiyo mimi nadhani ugomvi wako ni na hizo spika za masikioni. Redio kaseti ilikuwa moja na masikio sita. Ungeisikiliza sauti ya mama yako ukumbini, binti yako angejua presha ya bibi yake siku ileile uliyojua wewe.

Jembe Kali

Mkuu, swali dogo. Mama mwenyewe umemuuliza? Tumeongea hapa juu ya aliyesoma. Aliyesomewa anasemaje?

Mwana wa Soni (mleta uzi)

Wakuu, samahani kwa kimya. Jembe Kali, swali lako lilinikosesha usingizi. Nilimuuliza mama. Nimesikiliza jibu lake nikiwa peke yangu, halafu nikakaa na mke wangu tukalisikiliza tena kwa sauti, kama alivyoshauri Bahari Tulivu.

Naliweka hapa kwa Kiswahili. Ameniruhusu.

Amesema kwanza kwamba nilisoma vizuri, na kwamba alijivuna. Wanawake wengine walikuwa wanakuja kwetu na barua zao kwa sababu nilikuwa sina kigugumizi. Kisha akasema hivi:

"Lakini mwanangu, baba yako ameniandikia miaka yote ile na mimi sikuwahi kumjibu nikiwa peke yangu. Kila neno langu lilipita kwako. Ule mwaka wa ugonjwa kulikuwa na jambo nililotaka kumwambia. Nikakutazama ulivyokaa na kalamu, na mguu wako haufiki chini. Nikasema huyu ana miaka 12. Nikakuambia andika habari za mbuzi."

Baada ya hapo kuna kimya, mbuzi wa sasa wanasikika, kisha anasema kwamba hii simu anaipenda kwa sababu sauti yake sasa inakwenda yenyewe.

Ndugu zangu, mimi nilikuja hapa kulalamika kwamba mwanangu amekosa nafasi niliyokuwa nayo. Sikujua kwamba nafasi hiyo nilikuwa nimeikalia badala ya mtu mwingine. Ule mstari nilioruka nilidhani ndiyo siri pekee iliyokuwemo chumbani siku zile. Kumbe naye ameruka wake, na mimi sikuuona, kwa sababu yeye alijua kunisoma na mimi sikujua kumsoma.

Vidole vyake, Binti Nyasa, vilichukua siku mbili.

Binti Nyasa

Kaka, pole na hongera. Mimi naomba kuuliza tu, majibu ya mama yalikwenda wapi? Zile barua ulizomwandikia baba?

Mwana wa Soni (mleta uzi)

Baba alirudi nazo. Zilikuwa kwenye begi, zimefungwa kwa mpira. Mama aliziweka kwenye mkebe uleule pamoja na za baba. Sijazifungua tangu 1998.

Mtunza Ghala

Zifunguliwe, mkuu. Unaye msomaji, ana miaka 14, na likizo ya Desemba hiyo inakuja. Mwandiko ni wako, lakini usisome wewe.

Bahari Tulivu

Naunga mkono. Kwetu kanda karibu zote zimeharibika kwa joto na unyevu. Zimebaki mbili, na moja haina sauti. Karatasi inavumilia zaidi, lakini nayo ina siku zake.

Mwana wa Soni (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi. Leo ni tarehe 28 Desemba.

Binti yangu yuko Soni tangu shule zifunge. Nilimpa maelekezo kwa simu, amwombe bibi ule mkebe, na asome kwa sauti moja moja, asiruke salamu. Siku ya kwanza alinipigia kulalamika kwamba barua nzima ni salamu. Akauliza "hofu na mashaka ni kwako" maana yake nini, babu alikuwa anaogopa nini. Bibi yake akamjibu hapohapo, nikiwa nasikia: kwamba mtu akiwa mbali hajui kama uliyemwacha bado yu hai, na barua ikiandikwa leo, mpaka ifike mambo yanaweza kuwa mengine, kwa hiyo anayeandika anakiri kabisa mwanzoni kwamba anaogopa. Nimeandika na kusoma maneno hayo mara nyingi na sikuwahi kuyaelewa hivyo.

Waliendelea jioni kwa jioni. Mama anaitikia salamu kama zamani. Binti ananiambia wakifika kwenye majina ya majirani, bibi anaeleza yupi amekwisha kufa na yupi amehamia wapi, na wamekwenda kumwamkia mmoja aliyebaki.

Jana wakafika barua ya Septemba 1996, yenye mwandiko wangu. Simu ilikuwa imewekwa kwenye kigoda, sauti ya juu, nasikiliza. Binti akasoma: "Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja dume mmoja jike, na wote wananyonya vizuri. Mvua imeanza kidogo. Bati tumezipokea." Kisha jina la mama, ameliandika kwa mkono wake mwenyewe.

Binti hakuwa anajua chochote juu ya barua hiyo. Mimi sikumweleza. Lakini nafikiri ukimya wa bibi yake ulimwambia, kwa sababu aliuliza, "Bibi, hapa ulitaka kusema nini?"

Mama akasema kitu kwa Kisambaa, taratibu, kirefu, mbali na simu. Sikukisikia vizuri. Mvua ilikuwa inapiga bati.

Nikasubiri. Kisha nikamwita binti, nikamuuliza bibi amesema nini.

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Baba, hilo amesema ni langu."

Nikamwambia sawa. Akaniuliza kama waendelee na barua ya Oktoba au nina haraka, nikamwambia sina haraka, waendelee.